Jaribio lina kazi gani katika masomo ya sayansi na masomo ya sanaa? Tuanze na fundi wa maabara aliyekuwa na jibu mfukoni

#1 Mleta mada

Ndugu zangu, nimeisoma tena makala fupi ya Erasto Mpemba na Denis Osborne iliyochapwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, na safari hii kilichonikaa moyoni si maji ya moto bali ni fundi wa maabara. Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu pale Dar es Salaam, alimwagiza fundi huyo apime dai la Mpemba kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi yakiwekwa pamoja katika jokofu. Fundi akapima, akarudi na taarifa kwamba kweli yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, kisha akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Wengi wetu tunakijua kisa chenyewe kwa juu juu, kwa hiyo naomba nikieleze kwa karibu kidogo. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wavulana wa shule hiyo walikuwa wakitengeneza aiskrimu: walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka kwenye jokofu. Nafasi ndani ya jokofu zilikuwa chache, na siku moja mwenzake mmoja alipomwona Mpemba anachemsha maziwa alikimbia kuweka yake bila kuyachemsha kabisa, ili awahi. Mpemba naye, akiona trei ya mwisho inamponyoka, akaamua liwalo na liwe, akayaingiza maziwa yakiwa ya moto. Waliporudi baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikwisha kuganda na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wake sababu, aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likapata kejeli ya kudumu: kila alipokosea hesabu, wenzake walisema hiyo ndiyo hisabati ya Mpemba.

Kuna jambo dogo ndani ya makala hiyo ambalo huwa halisimuliwi. Kabla hajamuuliza Osborne, Mpemba alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba huingiza mchanganyiko kwenye jokofu ukiwa bado wa moto ili ugande upesi. Maana yake ni kwamba ujuzi ulikuwapo sokoni tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuuweka mahali ambapo ungeweza kupimwa na, ikibidi, kukataliwa.

Naleta mada hii kwa sababu namfahamu fundi yule. Nilikuwa fundi yule. Nikiwa kidato cha pili tulipewa jaribio la pendulamu ili tupate mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, ile 9.8 tuliyoikariri tangu mapema. Uzani wetu ulikuwa betri kuukuu ya redio, uzi ulikuwa wa kushonea, wa sentimita 30 hivi, na muda tuliusoma kwenye saa ya ukutani. Tulihesabu mibembeo 20, tukapiga hesabu, tukapata 8.9. Kiongozi wa kundi, mtu mwerevu ambaye leo ni mhandisi, aliichukua 9.8 akarudi nayo kinyumenyume mpaka akapata muda ambao tulipaswa kuwa tumeupima, tukauandika kwa kalamu ya wino, tukapewa alama zote. Kupika data, kama tulivyokuwa tukiita, kulikuwa sehemu ya somo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kwenye daladala, nilielewa 8.9 ilitoka wapi. Tuliupima uzi hadi pale ulipofungwa kwenye betri, badala ya kupima hadi katikati ya betri, ambako ndiko ulikokuwa uzito. Betri ile ina urefu wa sentimita 6, kwa hiyo tulipunja sentimita 3 kati ya 33, na kosa hilo peke yake linatosha kuishusha 9.8 hadi karibu kabisa na 8.9. Betri ilikuwa ikitwambia neno la kweli kuhusu kipimo chetu, nasi tukaifunga mdomo.

Lugha yetu ina jambo la kusema hapa. Neno jaribio lina shina moja la Kiarabu na maneno mengine mawili tunayoyatumia kila siku bila kuwaza udugu wao: tajiriba, yaani ujuzi mtu aupatao kwa kuishi na kutenda, na mujarabu, kama tusemavyo dawa mujarabu, dawa iliyokwisha kupita katika mikono na miili ya watu ikaonekana inafanya kazi. Baina ya tajiriba na mujarabu ndipo jaribio linapokaa. Muuza aiskrimu wa Tanga alikuwa na tajiriba. Ili neno lake liwe mujarabu, ilibidi mtu aweke vyombo viwili vinavyolingana, maji ya kiasi kimoja, tofauti moja tu ya joto, kisha akubali kungoja.

Hivyo ndivyo alivyofanya James Lind mwaka 1747 ndani ya meli ya kivita ya Kiingereza iitwayo Salisbury. Alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, hali zao zikifanana kadiri ilivyowezekana, akawagawa wawili wawili, kila jozi akaipa tiba yake: wengine siki, wengine maji ya bahari, wawili machungwa na malimau. Wawili hao wa machungwa na malimau ndio walioinuka upesi, mmoja wao akarudi kazini. Jeshi la majini halikuyafanya maji ya malimau kuwa posho ya kawaida mpaka mwaka 1795, kwa hiyo tusidhani kwamba jaribio likisema kweli watu husikiliza siku hiyohiyo.

Hoja yangu ni hii, nanyi ipingeni: kazi ya jaribio si kuthibitisha tunachokijua. Kazi yake ni kupanga mambo ili kitu tunachokichunguza, kiwe maji, mgonjwa, tanuri au ubeti wa shairi, kipate nafasi ya kutukatalia. Na nasema haya ni ya masomo yote, ya sayansi na ya sanaa.

#2 Msomaji wa Historia

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kisa cha betri, lakini mwisho wa maelezo yako umeruka mto bila daraja. Maji utayachemsha leo na kesho. Mimi nasoma Vita vya Majimaji vilivyoanza mwaka 1905. Nitavipigaje tena vita vile bila mganga Kinjeketile na bila ile dawa yake ya maji, ili nione kama Wamatumbi wangeinuka au wasingeinuka? Historia hutokea mara moja, wahusika wake wamekufa, na nyaraka zilizobaki nyingi ziliandikwa na upande ulioshinda. Tunacho kitu chetu, nacho ni kushindanisha ushahidi: barua ya afisa wa Kijerumani dhidi ya simulizi za wazee, simulizi dhidi ya kaburi. Kuuita huo jaribio ni kuazima kanzu ya mtu mwingine kwa sababu tu ni nyeupe.

#3 Mleta mada

Msomaji wa Historia, kuhusu Majimaji nimekubali, tena bila kinyongo. Hakuna maabara ya kuirudisha 1905. Lakini historia ina chumba kingine, chumba cha mambo ambayo watu wa kale walikuwa wakiyafanya kwa mikono, na huko jaribio limeingia likakaa.

Chukua uyeyushaji wa chuma Buhaya, mkoani Kagera. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alikuwa amechimbua magharibi mwa Ziwa Viktoria mabaki ya matanuri yenye umri wa baina ya miaka 1,500 na 2,000: mashimo, vipande vya neli za udongo, mavi ya chuma (yaani taka ibakiayo chuma kikiyeyushwa), na alama za matete yaliyoungua. Maswali yalikuwa mengi, na kutazama mabaki peke yake hakukutosha kuyajibu. Kuanzia mwaka 1976, yeye na mtaalamu wa metali Donald Avery walifanya kazi na wazee wa Kihaya waliokuwa wameyeyusha chuma ujanani, kabla vyuma vya madukani kutoka Ulaya havijaua kazi hiyo. Wazee walikuwa hawajaigusa kwa miongo kadhaa. Majaribio ya mwanzo hayakufaulu, na ningependa kila mwanafunzi wa akiolojia alitafakari jambo hilo, kwa maana mzee anayesema anajua kuyeyusha chuma, kisha tanuri linamkatalia mbele ya wajukuu zake na mbele ya wageni wenye daftari, yuko katika hali ileile ya fundi wa Osborne. Tofauti ni kwamba wazee hawakuandika jibu la kitabuni. Walirekebisha wakarudia, mpaka chuma kikatoka.

Tanuri lao lilijengwa kwa udongo wa kichuguu na vipande vya mavi ya chuma ya zamani, juu ya shimo lililojazwa matete ya majini yaliyochomwa, na neli za udongo zilisukumwa ndani kabisa ya tanuri badala ya kuishia ukutani. Mivukuto ilipopuliza, hewa ilipita ndani ya neli zilizokuwa zimezungukwa na moto. Schmidt na Avery waliripoti mwaka 1978, katika jarida la Science, kwamba joto lilivuka nyuzi 1,800, na wakadai kwamba hewa ilikuwa ikipashwa moto kabla haijafika kwenye mkaa, jambo ambalo viwanda vya Ulaya vilianza kulifanya katika karne ya 19.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na ugomvi wenyewe ndio hoja yangu. Wataalamu wengine wa metali walisema hewa inayopita kwa kasi kwenye neli haipati nafasi ya kupashwa kiasi hicho. Wengine waliuliza kama wazee wa karne ya 20 wanaweza kuwasemea wahunzi wa miaka 1,500 kabla yao. Swali la kwanza ni la vipimo, la pili ni la historia, na yote mawili yasingeulizwa kwa ukali huo kama hapangekuwa na tanuri lililowashwa. Kabla ya hapo mtu angeweza kuandika kwamba Waafrika walikuwa na ujuzi duni, au kwamba walikuwa na ujuzi wa ajabu, na sentensi zote mbili zingekaa rafuni kwa amani.

Mfano wa pili nitaupitia upesi. Watu wa pwani tunajua habari za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, ambacho leo tunakifahamu kwa picha na vielelezo vidogo vya makumbusho. Upande wa pili wa bahari yetu, Oman, walijenga chombo cha kushonwa wakakiita Jewel of Muscat, kwa kufuata mabaki ya jahazi la karne ya 9 lililoonekana mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, nacho kikasafiri mwaka 2010 kutoka Muscat hadi Singapore. Je, safari hiyo imethibitisha kwamba mabaharia wa zamani walipita njia ileile kwa namna ileile? Haikuthibitisha. Imeonyesha kwamba mbao zilizoshonwa zinastahimili bahari kuu, na imemnyima usingizi yeyote aliyekuwa akisema haziwezi. Jaribio la namna hii hutwambia lililowezekana. Lililotokea tunarudi kuliuliza kwako, Msomaji wa Historia, na kwa nyaraka zako.

#4 Mwalimu wa Magharibi

Hamjambo wote. Nimefundisha shule za msingi magharibi mwa Kenya kwa miaka mingi, na ningependa kuongeza jambo kuhusu majaribio yanayofanyiwa watu, kwa maana maji na chuma havina haya wala havina wazazi.

Katika miaka ya 1990, huko Busia na Teso, wanauchumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walitaka kujua kama kuwapa wanafunzi vitabu vya kiada kutainua alama zao. Sisi walimu tungeliulizwa tungelicheka, kwa kuwa jibu lilikuwa wazi: darasani mwangu watoto wanne walikuwa wakipokezana kitabu kimoja, na aliyeketi pembeni alisoma kwa shingo. Walichukua shule 100, na mwaka 1996 shule 25 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zikapewa vitabu kwanza. Matokeo yalikuwa kwamba alama za wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wale wanafunzi ambao tayari walikuwa mbele.

Maelezo waliyoyatoa yalinigusa kama mwalimu wa lugha. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Mtoto wa Busia huanza na Kiluhya au Kiteso nyumbani, akapata Kiswahili sokoni na uwanjani, kisha Kiingereza huja kama lugha ya tatu, tena humjia kikiwa kimeandikwa kwa ajili ya mtoto wa mjini. Kitabu kilikuwa mikononi mwake, naye hakuweza kukisoma. Mimi niliyekuwa darasani kila siku sikuliona hilo. Nililiona baada ya kuambiwa, na kisha nikaanza kuliona kila mahali, hata katika jinsi watoto walivyokuwa wakifungua kitabu kutazama picha na kukifunga.

Naomba mtazame mipaka ya kazi hiyo pia. Takwimu zilisema kwamba vitabu havikuinua wastani. Hazikuweza kusema ni kwa nini. Ili kufika kwenye sababu, ilibidi mtu ajue lugha, ajue historia ya mitaala iliyoachwa na wakoloni, na ajue mtoto wa kijijini anaishi vipi. Kwa maneno mengine, jaribio la mwanauchumi lilimaliza kazi yake mlangoni mwa masomo ya sanaa.

Kuhusu haki: baadaye huko Busia, Kremer na Edward Miguel walifanya jaribio la dawa za minyoo katika shule 75, na badala ya kuzinyima baadhi ya shule milele, walizigawa mafungu matatu yaliyoanza kupata dawa kwa zamu, mwaka 1998, 1999 na 2001. Utoro ulipungua kwa robo hivi, na hata watoto wasiomeza dawa walinufaika kwa kuwa uambukizaji ulipungua. Mwaka 2015 watafiti wengine waliichambua upya data ileile wakaonyesha hitilafu, na mabishano yakawa makali. Mimi nilipoona wasomi wanagombana kwa minyoo ya Busia niliona fahari kidogo, Mungu anisamehe.

#5 Mtunzi

Ndugu mleta mada, nimevumilia mpaka uliposema ubeti wa shairi nao unaweza kutukatalia. Katika fasihi yetu neno majaribio lina maana nyingine. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, kwa mashairi yasiyofuata vina na mizani, wahakiki walisema ni majaribio, na ugomvi wa mashairi huru ukachukua miaka. Nani alikatalia? Hakuna kipimajoto cha kutwambia kama shairi limeganda. Wapo waliosema hayo si mashairi, wapo waliosema ndiyo njia mpya, na leo yanafundishwa shuleni bega kwa bega na ya kimapokeo. Jaribio la msanii ni kujitosa, si kupima.

Hata hivyo, kwa kuwa umenichokoza, nilifanya jambo. Sisi tuliolelewa katika tenzi huamini kwamba sikio lililozoea mizani 8, yaani silabi 8 kwa kila mstari, hushtuka papo hapo mizani ikipungua. Nilitunga beti kumi, na katika tatu kati yake niliiba mizani moja kwa makusudi. Kwa mfano, badala ya “Nilipofika bandari”, ambayo ni mizani 8, niliandika “Nikafika bandari”, ambayo ni 7. Nikampelekea shangazi yangu, mwenye miaka 74, anayejua tenzi nzima kwa moyo, bila kumwambia nilichokifanya.

Aliziimba zote. Hakusimama hata mara moja. Alipofika kwenye “Nikafika bandari” aliivuta “ka” kidogo, sauti ikajaza pengo, akaendelea zake. Nilifadhaika. Kesho yake nikamwomba azisome bila mahadhi, kama mtu anayesoma barua, na kwenye mstari uleule akasita, akarudi nyuma, akasema, “Mwanangu, hapa pana shimo.” Kati ya zile tatu alizipata mbili.

Nilidhani sikio ndilo linalolinda mizani. Sasa naanza kushuku kwamba mahadhi huwa yanatusitiri, na kwamba mizani iliyohesabiwa kwa vidole ni desturi iliyopata nguvu zaidi shairi lilipoanza kusomwa kwenye karatasi kuliko lilipokuwa likiimbwa. Shangazi mmoja si ushahidi, najua. Lakini nilikwenda na jibu langu, na sikurudi nalo.

#6 Mkazi wa Kongwa

Nyote mnazungumzia majaribio yaliyofanyika. Mimi naishi mahali panapokumbukwa kwa jaribio ambalo halikufanyika. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield kuangalia uwezekano wa kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Walitembea wiki tisa, sehemu kubwa ya nchi wakiitazama kutoka kwenye ndege, wakapendekeza zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ilianza hapa Kongwa mwaka 1947. Hakukutangulia shamba dogo la kupimia kwa misimu miwili au mitatu, kwa sababu Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula na haraka ilikuwa nyingi.

Udongo wa hapa, jua likiuchoma, hukauka ukawa kama tofali, na karanga ni zao linalotakiwa kung’olewa ardhini. Mvua nayo ina tabia zake. Wagogo walikuwa na kumbukumbu ya njaa ya Mtunya, iliyowapata mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na mtu yeyote ambaye angeuliza kwa nini watu wa nchi hii wanategemea mifugo na mtama angepata jibu la bure. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36.

Kwa hiyo nakubaliana na Mwalimu wa Magharibi, ila nigeuze upande. Yeye amesema jaribio liliishia mlangoni mwa masomo ya sanaa. Hapa kwetu, swali moja la mwanahistoria lingetosha kuwaambia wahandisi wapi pa kuchimba shimo la kwanza la kupimia udongo.

#7 Mleta mada

Nawashukuru wote. Mtunzi, nakubali kwamba majaribio ya Kezilahabi na majaribio ya Lind ni vitu viwili vinavyochangia jina, na nilifanya kosa kuyaweka kapu moja. Lakini ulichomfanyia shangazi ni jaribio kwa maana ileile ya Lind: ulificha unachokitaka, ukabadili kitu kimoja, ukaona hakijibu, ukaondoa mahadhi, ukauliza tena. Ungekuwa fundi wa Osborne, ungemwimbisha shangazi mpaka akosee inavyotakiwa.

Nilibakiza upande wa pili wa kisa cha Mpemba, ambao ni deni langu kwenu. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wakiwa Uingereza, walichapa matokeo ya vipimo vyao wenyewe pamoja na uchambuzi wa vipimo vya wengine, wakasema hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba maji ya moto hupoa na kufikia kiwango cha kuganda kabla ya yale ya baridi. Walionyesha kwamba kipimajoto kikipandishwa au kushushwa sentimita moja tu ndani ya chombo, mtu anaweza kuona athari ambayo haipo. Kisha mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, wakaionyesha athari ya namna hiyo wazi kabisa, ila si kwa maji bali kwa chembe ndogo sana zilizoelea ndani ya maji na kusukumwa kwa mwanga wa leza. Kwa hiyo jina la kijana wa Magamba limo katika fizikia, hali maji yake mwenyewe bado yanabishaniwa. Na tazameni kwamba hakuna aliyemrudia Mpemba kwa maneno ya mwalimu wake. Wamemrudia kwa sentimita moja.

Wiki iliyopita nami nilijaribu nyumbani. Jirani yangu huuza barafu za ubuyu na ukwaju kwenye vifuko, na friza yake huwa wazi kwangu. Niliweka vikombe viwili vya bati, kila kimoja robo lita, kimoja cha maji ya bombani, kingine cha maji yaliyotoka jikoni. Usiku wa kwanza cha moto kilitangulia. Usiku wa pili cha baridi kilitangulia. Usiku wa tatu umeme ulikatika saa mbili, tukala ubuyu wa majimaji. Usiku wa nne cha moto kilitangulia tena, na nilipokiinua ndipo nikaona: kilikuwa kimeyeyusha ule utando wa barafu ulio chini ya friza na kujichimbia kiti, kikakaa bati kwa bati na sakafu ya friza, wakati cha baridi kilikuwa kimekaa juu ya utando kama mtu juu ya godoro. Usiku wa pili nilikuwa nimeviweka kwenye trei ya plastiki ya jirani, bila kufikiri.

Basi sikuwa nikipima maji, nilikuwa nikipima utando. Sasa nimekata vipande viwili vya kadibodi vinavyolingana vya kuweka chini ya kila kikombe, na nitabadilishana nafasi zao kila usiku, kulia na kushoto, kwa usiku kumi.

Jirani amenitazama siku zote hizi bila kusema neno. Jana nilimuuliza kwa nini yeye humimina juisi ya ubuyu kwenye vifuko ikiwa bado ya vuguvugu, nikitaraji kupata muuza aiskrimu wa Tanga mwingine. Akanijibu kwamba ikipoa kabisa sukari hutuama chini ya sufuria, na watoto wanaopata vifuko vya mwanzo hurudi kudai hela yao.